MOTO UMEZIMWA, MASIZI YAMEBAKI

Maoni ya Chama

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi ambao bado hamjajiunga nasi,

Nyumba ikishika moto, wenyewe hukimbia kutoka na wazima moto huingia. Habari za wazima moto huandikwa magazetini, na inafaa ziandikwe, maana kazi yao ni ya hatari. Lakini moto ukiisha kuzimwa kuna watu wengine wanaoingia ambao hawaandikwi mahali po pote. Ni kibarua wa kufagia, mama wa kusafisha, mfanya kazi wa nyumbani, fundi wa stima na kijana wake, na fundi wa mashine za kupoza hewa. Hao ndio wanaoambiwa, "Safisheni upesi, mpangaji anarudi Jumatatu." Leo twataka kusema juu ya hao, na hasa juu ya sehemu moja ya kazi yao, yaani kusafisha njia za hewa za nyumba iliyoingia moshi.

Labda mwanachama wa kiwandani au wa bandarini atauliza, "Jambo hili lanihusu nini mimi?" Asome kwanza, tutamjibu kabla ya kumaliza.

Zamani nyumba zetu nyingi zilikuwa na matundu ya hewa ukutani, chini ya dari, na mtu aliyasafisha kwa ngazi na kitambaa. Siku hizi katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru maghorofa ya kupanga yamekuwa mengi. Bafu lisilo na dirisha lina feni inayosukuma hewa katika bomba. Jikoni juu ya meko kuna feni nyingine ya kutoa moshi na mvuke wa mafuta. Pwani, vyumba vina mashine za kupoza hewa. Na katika nyumba za wenye mali, mabomba ya bati hupita juu ya dari yakigawa hewa chumba kwa chumba. Mabomba hayo hayaonekani. Na kwa sababu hayaonekani, tajiri husahau kuyalipia na nyapara husahau kuyataja, mpaka siku masizi yanapoanguka juu ya shuka nyeupe za mpangaji. Hapo ndipo kibarua hupewa ufagio na kuambiwa apande.

Inafaa kila mtu afahamu moshi unavyosafiri. Hewa iliyopata moto hupanuka na kupanda, nayo hutafuta kila tundu. Huingia katika mabomba hata kama feni imezimwa. Ikifika penye bati baridi, masizi yaliyomo hushikamana na bati hilo. Ndiyo sababu huonekana masizi katika vyumba vilivyo mbali na moto, ambavyo havikuungua hata kidogo. Masizi hukusanyika kwenye kona za bomba, kwenye maungio, juu ya mapanga ya feni na katikati ya mapezi membamba ya koili ya mashine. Chumba kimoja chaweza kuungua na nyumba nzima ikapata masizi.

Tena masizi ya nyumba ya leo si ya kuni peke yake. Vilivyoungua ni godoro la sponji, zulia, kiti cha plastiki, televisheni, rangi ya ukuta na ngozi za waya za stima. Plastiki inayofunika waya, ikiungua, hutoa asidi kali ambayo hula bati na shaba, na huwasha macho na koo. Masizi huchukua asidi hiyo pamoja na lami za sumu. Na chembe zake nyingi ni ndogo mno. Zile ambazo madaktari huziogopa zaidi ni ndogo hata zikipangwa 30 kwa mstari ndipo hutimiza unene wa unywele mmoja wa mtu. Chembe kama hizo hupita katika leso iliyofungwa puani kama maji yapitavyo katika wavu wa samaki, zikaenda mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Hapa lazima tuseme juu ya maziwa. Katika kazi nyingi za vumbi, rangi na moshi, mfanya kazi hupewa paketi ya maziwa jioni, au pesa kidogo za kununua maziwa, "kusafisha kifua". Wako wanachama wetu ambao hushukuru. Ndugu, maziwa ni chakula kizuri, na mtoto wako angeyafurahia. Lakini maziwa huenda tumboni, na masizi huenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Tajiri anayetoa maziwa mahali pa barakoa amenunua afya yako kwa bei ya paketi moja. Tusidanganyane tena juu ya jambo hili.

Ubaya wa masizi si habari mpya. Mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya watu waliofagia mabomba ya moshi ya majumba ya Uingereza. Watu hao walianza kazi wakiwa watoto wadogo, maana bomba lilikuwa jembamba na mtu mzima hakuweza kupita. Masizi yalikaa katika ngozi zao, na walipokuwa watu wazima wengi walipata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani. Hiyo ndiyo kansa ya kwanza iliyojulikana kuwa imetokana na kazi. Siku hizi shirika la dunia la kuchunguza kansa limeyaweka masizi katika daraja la kwanza, yaani daraja la vitu vilivyothibitishwa kuwa vyaleta kansa kwa watu. Na mwaka 2022 shirika hilo hilo liliiweka kazi ya kuzima moto katika daraja hilo.

Sasa angalieni yaliyofuata baada ya daktari kusema. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakinga watoto hao mwaka 1788. Likatunga nyingine mwaka 1834, na nyingine mwaka 1840, na nyingine mwaka 1864. Sheria zilikuwa nzuri katika karatasi, lakini hapakuwa na mtu wa kuzisimamia, na wenye majumba waliona mtoto ni rahisi kuliko brashi ndefu. Mwaka 1875 mtoto mmoja, George Brewster, alikufa baada ya kukwama katika bomba la hospitali karibu na Cambridge. Ndipo ikapitishwa sheria iliyotaka kila mfagiaji awe na leseni, na polisi wakapewa kazi ya kuiangalia. Tangu daktari aandike hata siku hiyo ni miaka 100 kamili. Sheria isiyo na mtu wa kuisimamia ni kama mlango usio na komeo.

Jambo la pili la kujifunza ni hili. Mwaka 1892 daktari Henry Butlin alitaka kujua kwa nini wafagiaji wa Uingereza waliugua sana kuliko wenzao wa nchi nyingine za Ulaya. Aliona ya kwamba wenzao walivaa nguo zilizofunika mwili vizuri, na waliosha masizi mwilini kila siku. Hapakuwa na dawa ya ajabu. Palikuwa na nguo, maji na sabuni. Basi mtu asituambie kwamba kinga ya mfanya kazi ni jambo la gharama kubwa lisilowezekana.

Kama mtu atasema hayo ni ya kale, tumpe ya karibu. Majumba makubwa ya New York yalipoanguka Septemba 11, 2001, vumbi na moshi viliingia katika maghorofa ya jirani na katika njia zake za hewa. Waliopelekwa kusafisha ni wengi, na wengi wao walikuwa wageni maskini waliotafuta kibarua cha siku, bila vifaa vya kutosha. Tarehe 18 mwezi huo huo, ofisi ya serikali ya Marekani inayoangalia mazingira ilitangaza kwamba hewa ni salama kwa kuvuta. Mwaka 2003 mkaguzi wa ofisi hiyo hiyo aliandika kwamba wakati ule haikuwa na ushahidi wa kutosha kusema hivyo. Sheria kubwa ya kuwatibu walioumia, wakiwamo watu wa kusafisha, ilipitishwa Desemba 2010. Walingoja miaka 9, na wengine hawakuiona.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya zamani ya mwaka 1951 ilianza na viwanda. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu mahali po pote ambapo mtu yu kazini, iwe kazi ya siku moja au ya kudumu. Ghorofa lililoungua, ukiwa ndani yake unafanya kazi, ni mahali pa kazi. Kifungu cha 101 chamtaka mwajiri atoe nguo na vifaa vya kujikinga vinavyofaa kwa kazi yenye vitu vya kudhuru. Kifungu cha 14 chasema mfanya kazi akiona hatari kubwa na amueleze msimamizi wake, na mpaka hatari iondolewe asilazimishwe kurudi mahali hapo. Kifungu cha 9 chataka kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kupata mazingira mazuri ya kazi. Hayo yote yameandikwa. Waingereza nao walikuwa wameandika mara nne.

Kwa hiyo twaeleza hapa namna kazi hii inavyopaswa kufanywa, ili mwanachama akipelekwa ajue kama anapelekwa kazini au anapelekwa kuugua.

Kwanza, mashine isiwashwe. Mwenye nyumba hupenda kuwasha feni "kutoa harufu". Feni hiyo huchukua masizi yaliyotulia katika bomba ikayatapika katika kila chumba. Stima ikatwe, na fundi wa stima aangalie kabla ya mtu mwingine kugusa, kwa maana masizi yaliyolowa maji ya wazima moto yaweza kupitisha stima.

Pili, ijulikane ni nini kilichoungua na nyumba ni ya zamani gani. Nyumba nyingi za zamani, na hasa nyumba za wafanya kazi, ziliezekwa kwa asbestosi. Kanuni za taka za mwaka 2006 zimeihesabu kuwa taka ya hatari. Ikipasuka kwa moto, kazi hiyo si ya kibarua mwenye ufagio. Ni ya watu wenye leseni.

Tatu, matundu yote ya hewa yafunikwe kwa karatasi ya nailoni, ili masizi ya bomba yasiingie chumbani wakati kuta na dari zinasafishwa, na ya chumbani yasirudi katika bomba.

Nne, masizi yatolewe yakiwa makavu kwanza. Ukianza na maji masizi huwa kama rangi, hupaka kila kitu na huingia katika maungio. Mashine ya kufyonza vumbi iwe na chujio la HEPA, ambalo hukamata chembe 9,997 katika kila 10,000 za ule udogo ulio mgumu kukamatwa. Mashine ya kawaida ya kufagia zulia hufyonza kwa mbele na kutoa masizi madogo kwa nyuma, nayo ni mbaya kuliko kukaa bila mashine.

Tano, bomba lifyonzwe kutoka upande mmoja, na brashi ianze upande wa mbali ikija kuelekea mashine. Hivyo hewa huvuta masizi kwenda mbali na mtu anayepiga brashi. Anayepiga brashi bila mashine ya kufyonza anajipigia masizi usoni.

Sita, machujio ya karatasi yatupwe, yasioshwe. Mabomba laini ya karatasi ya fedha yabadilishwe. Pamba ya kioo iliyo ndani ya bomba, ikiisha kunywa moshi, haisafishiki. Itolewe na kuwekwa mpya. Koili na mapanga ya feni yaoshwe kwa sabuni inayofaa kuua asidi, kisha yakauke kabisa. Bomba la jikoni lenye mafuta lisafishwe mpaka bati lionekane, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo kuni za moto wa pili.

Saba, kisipuliziwe manukato wala rangi juu ya masizi. Harufu ikifunikwa hurudi siku ya joto. Na palipobaki maji ya wazima moto pakaushwe upesi, maana ukungu waweza kuanza kwa siku moja au mbili. Mwisho wa kazi kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya bomba. Kikitoka cheusi, kazi haijaisha.

Sasa tusikilize maneno ya waajiri, maana si haki kuwahukumu bila kuwasikia. Kontrakta mdogo husema, "Mkidai barakoa, glavu, miwani na mashine ya HEPA, bei yangu itapanda, na kazi itachukuliwa na mwingine asiyetoa cho chote." Neno hili lina ukweli ndani yake. Kuna makontrakta ambao wangependa kufanya vizuri, lakini hushindwa na wale wanaouza kazi kwa bei ya mapafu ya watu. Jibu letu ni kwamba bei hiyo ishikwe chini na sheria moja kwa wote, na jambo hilo laweza kufanyika ikiwa wafanya kazi wa kontrakta wa kwanza na wa pili wote wamo katika chama kimoja na wanadai jambo moja. Na mwenye nyumba naye ajue ya kwamba kazi rahisi humgharimu mara mbili. Asidi iliyoachwa katika koili haikai bure. Huendelea kula shaba kidogo kidogo, na baada ya miezi mashine hufa, na mpangaji aliyerudi Jumatatu huhama akikohoa.

Basi madai yetu ni haya:

1. Kabla ya mtu kuingia katika nyumba iliyoungua, mwajiri amweleze kwa maandishi ni nini kilichoungua, na kama stima imekatwa.

2. Kila anayegusa masizi apewe barakoa ya daraja la N95 au FFP2 inayobana uso vizuri, glavu, miwani ya kufunika macho na ovaroli. Penye harufu kali ya kemikali apewe barakoa yenye chujio la makaa, kwa sababu ile ya kwanza huzuia chembe tu, haizuii hewa ya sumu.

3. Pawe na maji, sabuni na mahali pa kuoga na kubadili nguo, na wakati wa kuoga uhesabiwe kuwa wakati wa kazi. Ovaroli zifuliwe na mwajiri. Mama asiende na masizi katika matatu mpaka kwa mtoto wake mchanga.

4. Maziwa yasihesabiwe kuwa kifaa cha kujikinga.

5. Kibarua wa siku apewe vile vile anavyopewa wa kudumu. Masizi hayaulizi mtu ameajiriwa kwa muda gani.

Kwenu wanachama tuna neno pia. Barakoa iliyotolewa ikaning'inizwa shingoni haimkingi mtu. Ndevu nyingi huacha nafasi na masizi hupita. Tena, kila mmoja awe na daftari. Andika tarehe, mtaa, nyumba ya namna gani, ni nini kilichoungua, ulifanya saa ngapi, na nani aliyekutuma. Kansa haiji kesho. Huja baada ya miaka mingi, wakati kontrakta amefunga ofisi na nyapara amesahau jina lako. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yahusu ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi, lakini asiye na ushahidi ataisikia tu. Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja, naye atoe habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa muda wa siku 7. Na dai la fidia ya ajali lipelekwe kabla miezi 12 haijapita. Asiyejua kuandika aje kwa katibu wa tawi, tutamwandikia bila malipo.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa kiwandani na wa bandarini. Jambo hili lakuhusu kwa sababu yule mama wa kusafisha ni dada yako, au ni mke wako. Lakuhusu kwa sababu nyumba unayopanga yaweza kuungua, na hewa utakayolala ukiivuta ni ile itakayopita katika bomba ambalo mtu fulani alisafisha, au alipewa ufagio tu. Na lakuhusu kwa sababu sheria inayomlinda yeye ndiyo inayokulinda wewe. Ikivunjwa kwake bila mtu kusema, tajiri wako anatazama.

Katika mkutano ujao wa kila tawi, jambo la kwanza litakuwa kuchagua wajumbe wa kamati ya usalama pale ambapo kamati haipo. Wajumbe hao waichukue orodha ya madai iliyo hapa, waipeleke kwa mwajiri, na walete jibu lake kwa maandishi. Akikataa, barua itapelekwa kwa afisa wa usalama na afya kazini wa kaunti yenu ikiwa na sahihi zenu, si sahihi ya mtu mmoja. Mtu mmoja akidai barakoa huitwa mkaidi. Wakidai 20 huitwa kamati.

Umoja ni nguvu.